Kabla ya Kuihukumu Betri: Kupima Mfumo wa Kuchaji katika Gari la Zamani

Gari la zamani lisipowaka asubuhi, wa kwanza kushtakiwa ni betri. Gari husukumwa, fedha hutafutwa, betri mpya hununuliwa. Na baada ya miezi michache hiyo mpya nayo huzimika kama ile ya kwanza. Hapo mwenye gari hulalamika kwamba betri za siku hizi hazidumu. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Betri ni ghala tu. Ghala likikutwa tupu, hapana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kulibomoa: je, mavuno yaliingizwa? Na kama yaliingizwa, ni nani aliyeyatoa?

Maswali hayo yana uzito wa pekee katika vijiji vya mwambao wa kusini wa Tanzania kama Madimba, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, upande wa Msimbati na mlango wa mto Ruvuma. Katika kijiji cha pwani gari moja laweza kubeba samaki asubuhi, korosho mchana, na usiku likamkimbiza mgonjwa hadi hospitali ya Ligula mjini Mtwara. Gari la namna hiyo likigoma kuwaka, hasara si ya mwenyewe peke yake.

Miongoni mwa magari ya zamani yanayojulikana zaidi nchini ni Land Rover. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na mapenzi ya watu kwalo hayajapoa: Oktoba 2024 wenye Land Rover kutoka sehemu mbalimbali walikusanyika Arusha kwa tamasha kubwa. Sababu moja ya kudumu kwake ni kwamba fundi mwenye spana chache na akili iliyotulia aweza kuyatambua maradhi yake mengi. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua maradhi ya mfumo wake wa kuchaji. Mifano imetolewa katika Land Rover za zamani, lakini kanuni zake zahusu pia Peugeot 404, Datsun na magari mengine ya rika hilo.

KITUO KIDOGO CHA UMEME

Wakazi wa Madimba wana mfano mkubwa karibu nao. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na mwezi Oktoba 2015 ulizinduliwa mtambo wa Madimba wa kuisafisha gesi hiyo na kuiingiza katika bomba liendalo Dar es Salaam, ambako hutumika kuzalishia umeme. Shughuli hiyo yafundisha kwamba nishati huhitaji mambo manne: mahali pa kuzalishwa, chombo cha kuidhibiti, njia ya kupita, na mahali pa kuhifadhiwa. Chini ya boneti ya gari mambo hayo manne yapo vilevile.

Mzalishaji ni dainamo au alteneta. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Katika dainamo, koili za waya huzunguka kati ya sumaku, na umeme hukusanywa kwa vipande vya kaboni vinavyosugua sehemu izungukayo. Katika alteneta mambo yamegeuzwa: sumaku ndiyo izungukayo, na koili zimetulia. Umeme wa alteneta hubadili mwelekeo mara nyingi katika sekunde moja, kwa hiyo hupitishwa katika dayodi, ambazo ni kama milango iendayo upande mmoja tu, ili utoke ukiwa umenyooka.

Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Land Rover za kabla ya mwaka 1971 kwa kawaida zilitumia dainamo ya Lucas C40, ambayo upeo wake ni ampea 22 hivi, tena hutoa umeme mdogo mno injini inapozunguka polepole. Zile za Series III, zilizotoka tangu mwaka 1971, zilitumia alteneta. Ile ya Lucas 16ACR hutoa hadi ampea 34, na huanza kuchaji mapema zaidi. Sasa tufanye hesabu. Taa kubwa mbili za wati 60 kila moja hutumia wati 120. Ukigawa kwa volti 12, hizo ni ampea 10. Ongeza taa ndogo, mfumo wa kuwashia injini, vifuta kioo na redio, nawe utafika ampea 16 au zaidi. Gari lenye dainamo likiendeshwa polepole usiku katika mchanga, huku limeongezewa taa za ziada na kifaa cha kuchajia simu, litatumia zaidi ya linachozalisha. Hapo hakuna kilichoharibika. Ni hesabu tu iliyoshindwa.

Mdhibiti ni kile kisanduku ambacho mafundi wengi hukiita katauti. Kazi zake ni mbili: kuzuia volti zisipande kupita kiasi, na kuukata mkondo ili betri isirudishe umeme wake katika dainamo injini inapozimwa. Katika alteneta, kazi ya kwanza hufanywa na kidhibiti kidogo ambacho mara nyingi kimo ndani yake, na ya pili hufanywa na zile dayodi.

Njia ni nyaya, pamoja na bodi na chesesi, ambazo huurudisha umeme kwenye betri. Hifadhi ni betri yenyewe: vyumba sita vyenye sahani za risasi na tindikali, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1. Betri ya aina hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kemia yake haijabadilika sana tangu hapo. Inapotumika, sahani zake hujifunika salfeti ya risasi. Inapochajiwa, salfeti hiyo huyeyuka tena. Lakini betri ikiachwa na njaa kwa majuma mengi, salfeti huganda ikawa fuwele ngumu zisizoyeyuka. Ndiyo maana betri isiyochajiwa kikamilifu hufa kabla ya wakati wake, hata ikiwa ni mpya na ya bei kubwa.

CHUMVI NA JOTO

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Upepo wa bahari huwa na matone madogo sana ya maji hayo, nayo hutua juu ya kila kitu, hata ndani ya boneti. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme. Mahali ambapo metali mbili za aina mbalimbali zimegusana, kama shaba na chuma, au aluminiamu na chuma, hutokea betri ndogo isiyotakiwa na moja ya metali hizo huliwa taratibu. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, chesesi yake ni ya chuma, nyaya zake ni za shaba. Kwa hiyo kila kiungo ni mahali pa kutiliwa shaka.

Kutu ya chuma na ule unga wa kijani wa shaba hupitisha umeme vibaya sana. Hatari yake ni kwamba haikati njia kabisa, huibana tu. Taa huwaka, honi hulia, na mwenye gari huamini kwamba yote ni salama. Joto nalo lina sehemu yake: kwa kadiri ya nyuzi 10 za sentigredi zinazoongezeka, kasi ya betri kujimaliza yenyewe ikiwa imekaa huongezeka takriban mara mbili, na maji yake hupungua upesi zaidi.

VIPIMO SITA KWA UTARATIBU

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kipima volti, haidromita ya kupimia tindikali, na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Kabla ya kuanza, sigara na moto viwekwe mbali, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi ilipukayo. Tindikali ikigusa ngozi au jicho, ioshwe mara moja kwa maji mengi, na aliyeumia jicho apelekwe hospitali.

Kipimo cha kwanza ni cha macho na mikono. Mkanda wa feni usukumwe kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukilegea kupita sentimita moja hivi, huteleza. Mkanda unaong'aa kama kioo upande wa ndani umekwisha kuteleza siku nyingi. Vichwa vya betri vichunguzwe, na kila waya mnene utikiswe. Kisha itazamwe taa nyekundu ya kuchaji iliyo kwenye dashibodi. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya injini kuwaka, taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, huenda balbu yake imeungua, au waya wake umekatika. Jambo hilo si dogo: katika alteneta nyingi za zamani, umeme mdogo upitao katika balbu hiyo ndio unaoiamsha sumaku. Balbu ikifa, alteneta nzima yaweza kulala.

Kipimo cha pili ni cha betri ikiwa imepumzika usiku kucha. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7, ikiwa 12.4, imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Haidromita hutoa habari zaidi. Tindikali ya betri iliyojaa husoma kama 1.26 hadi 1.28, ingawa betri nyingine za nchi za joto hutiwa tindikali hafifu kidogo. Linalotazamwa zaidi ni tofauti kati ya vyumba. Vyumba vitano vikisoma 1.25 na kimoja 1.15, chumba hicho kimekufa, na hapo ndipo betri yastahili hukumu. Vyote sita vikiwa chini kwa usawa, betri ina njaa tu. Ichajiwe polepole, kisha ipimwe upya.

Kipimo cha tatu ni wakati wa kupiga stata. Mtu mmoja apige stata, mwingine asome kipimo kwenye betri. Volti zisishuke chini ya 9.6 hivi. Betri iliyosoma 12.6 ikiwa imetulia kisha ikaanguka hadi 8 imechoka kwa ndani. Lakini betri ikibaki juu, tuseme 12, huku stata ikizunguka kwa uvivu, umeme unakwama njiani, na waya mnene utokao kwenye injini kwenda kwenye chesesi ukaguliwe kwanza.

Kipimo cha nne ni injini ikizunguka kwa kasi ya kadiri, kama mizunguko 1,500 kwa dakika. Volti kwenye betri zapasa kuwa kati ya 13.8 na 14.4. Zikibaki 12 na kushuka taratibu, hakuna kinachochajiwa. Zikipita 15, kidhibiti kimeshindwa kazi: betri itachemka, maji yatakauka, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Kisha taa kubwa ziwashwe na volti zisomwe tena, zisishuke sana.

Hapa pana onyo. Baadhi ya watu hupima kwa kuchomoa waya wa betri huku injini ikizunguka, wakisema kwamba injini isipozimika basi alteneta ni nzima. Jaribio hilo hurusha volti ghafla na laweza kuziunguza dayodi kwa nukta moja. Lisifanywe kamwe.

Kipimo cha tano ni cha njia, nacho ndicho kinachosahauliwa. Injini ikiwa inazunguka na taa kubwa zikiwaka, ncha moja ya kipima volti iwekwe kwenye mdomo wa alteneta utoao umeme, na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Isomwe tofauti, isizidi volti 0.3 hivi. Kisha ipimwe kati ya ganda la alteneta na kichwa hasi cha betri, isizidi 0.2. Tofauti kubwa kuliko hiyo ni ushuru unaotozwa njiani.

Kipimo cha sita ni cha mwizi wa usiku. Ufunguo ukiwa umefungwa na milango imefungwa, waya hasi wa betri ufunguliwe, na balbu ndogo iunganishwe kati ya waya huo na kichwa cha betri. Gari la zamani lisilo na saa wala redio halipaswi kutumia chochote. Balbu ikiwaka, fyuzi zitolewe moja moja mpaka izimike. Ikikataa kuzimika, waya wa alteneta ufunguliwe, kwa maana dayodi iliyotoboka huvujisha umeme kimyakimya. Au kama gari lina dainamo, katauti itazamwe isije ikawa midomo yake imegandana. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia: balbu ya wati 5 iliyosahauliwa hutumia ampea 0.4, yaani kama ampea 10 kwa saa nzima ya siku na usiku wake. Betri ya ampea 60 kwa saa hubaki nusu baada ya siku tatu.

KAMA GARI LINA DAINAMO

Dainamo ina kipimo chake cha zamani na cha hakika. Nyaya mbili zilizoandikwa D na F hufunguliwa kutoka kwenye dainamo, midomo hiyo miwili huunganishwa kwa kipande cha waya, na kipima volti huwekwa kati ya midomo hiyo na ganda. Injini huwashwa na kuongezwa mwendo taratibu, pasipo kupita mizunguko 1,000 kwa dakika. Dainamo nzima hupanda upesi na kufika volti 20 hivi. Hapo injini ipunguzwe mara moja. Ikiwa kipimo hakisogei, kaboni ziangaliwe kwanza, huenda zimekwisha au zimekwama. Ikisoma nusu volti tu, koili za sumaku ndizo zenye shaka. Ikisoma volti 4 au 5, ugonjwa umo katika sehemu izungukayo. Ikiwa dainamo ni nzima na betri bado haichajiwi, basi kosa liko kwenye katauti au nyaya.

Ieleweke pia kwamba Land Rover za awali, mpaka miaka ya 1960, zilifungwa upande chanya wa betri kwenye chesesi, kinyume cha desturi ya leo. Mwenye kuifungia alteneta gari la namna hiyo bila kwanza kuligeuza huziunguza dayodi papo hapo.

MFANO WA KUSOMA MAJIBU

Chukua mfano wa Land Rover yenye alteneta ambayo imekwisha kubadilishiwa betri mara mbili kwa mwaka mmoja. Stata yazunguka vizuri gari likitoka kuchajiwa kwa fundi, lakini baada ya juma moja nguvu hupungua. Vipimo, taa zikiwaka, ni hivi: kwenye mdomo na ganda la alteneta, volti 14.2, kwenye vichwa vya betri, volti 13.1. Alteneta yafanya kazi, betri yapata pungufu. Volti 1.1 zimekwenda wapi?

Kipimo cha tano chatoa jibu. Upande chanya, tofauti ni 0.1. Upande hasi, kati ya ganda la alteneta na betri, ni 1.0. Ikiwa mkondo ni ampea 20, kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827 yasema ukinzani ni volti 1.0 ukigawa kwa 20, yaani omu 0.05 tu. Ukinzani mdogo namna hiyo hauonekani kwa macho, lakini hugeuza wati 20 kuwa joto la bure. Na kwa kuwa stata yenyewe hufanya kazi vizuri, waya wa injini na chesesi hauna kosa. Kosa liko baina ya ganda la alteneta na injini, kwenye bolti zinazoishikilia, ambako aluminiamu na chuma vimegusana katika hewa ya chumvi.

Jambo la kuzingatia ni hili: katika alteneta nyingi za aina hii kidhibiti hupima volti pale kilipo. Kikiona 14.2, huridhika, hakina habari ya njaa iliyoko upande wa pili wa kutu. Betri mpya ya tatu ingekufa kama mbili za kwanza. Dawa yake ni kufungua bolti, kusugua kwa msasa hadi metali ing'ae, kukaza, kupaka grisi juu, na ikibidi kuongeza waya mfupi mnene kutoka kwenye ganda la alteneta hadi kwenye injini. Gharama yake hailingani hata kidogo na bei ya betri.

KUITUNZA ILI ISIUGUE

Kwa magari ya pwani, kazi hii ifanywe kila baada ya miezi mitatu. Waya uliofungwa kwenye chesesi ufunguliwe kwanza, na uwe wa mwisho kurudishwa, ili spana isilete cheche. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri uoshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, vifuniko vya vyumba vikiwa vimefungwa imara, kwani magadi yakiingia ndani huiua tindikali. Baada ya kukauka na kukazwa, vichwa vipakwe grisi. Maji ya kuongeza yawe yaliyotoneshwa, yale yauzwayo kwa ajili ya betri. Maji ya kisima yasitumike, hasa ya pwani, kwa kuwa chumvi yake huharibu sahani.

BETRI ILIYOKWISHA KWELI

Hata betri iliyotunzwa ina mwisho wake, na hapo suala lahama kutoka mfukoni mwa mwenye gari likawa la kijiji kizima. Sehemu kubwa ya uzito wa betri ni risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliugua kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024, baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaurejesha uamuzi huo. Kwa hiyo betri isivunjwe uani, tindikali yake isimwagwe karibu na kisima, na risasi yake isiyeyushwe jikoni kutengenezea vizamisho vya nyavu. Ipelekwe nzima kwa mnunuzi mwenye kibali.

Kila betri inayoachwa ifikie umri wake ni sumu iliyocheleweshwa na fedha zilizobaki nyumbani. Ni vyema basi kila mwenye gari la zamani awe na daftari dogo, na ndani yake aandike tarehe na tarakimu tatu: volti za betri ikiwa imepumzika, volti injini ikizunguka, na volti taa zikiwaka. Tarakimu hizo zikianza kushuka mwezi hata mwezi, ugonjwa utajulikana mapema, mchana, mbele ya fundi, badala ya kujulikana saa nane za usiku wakati mgonjwa amekwisha kupakiwa garini.